Mfuko Wako wa Kulalia Umeota Miguu

Nyumba ya kona, mlango wa nyuma,
Ubavuni mwa bucha.

Jumapili, 14 Juni, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi sana kutoka kwangu mimi mdogo wako. Najua ukiuona mwandiko huu utaigeuza bahasha mara mbili kuhakikisha kama ni mimi kweli. Ni mimi. Hujambo wewe na wifi? Goti lako la kushoto linaendeleaje, bado linakutabiria mvua? Na kile kikohozi cha asubuhi ulichokuwa unasingizia vumbi la kazini, ulikwenda kwa daktari au bado unajidanganya? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu kwa miezi minane sikuuliza hata moja.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako hajambo, macho yanamsumbua kidogo lakini bado anafungua saa za watu na kuzirudisha zikiwa zinatembea. Mimi sijambo, vidole vimejaa matundu ya sindano kama ulivyoviacha. Na Kijiti hajambo. Hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu, kwa hiyo nalirudia: mpwa wako hajambo. Amerudi juzi Ijumaa kutoka mlimani kwa miguu yake mwenyewe, hakohoi, anakula kama mtu aliyefungiwa, na sasa hivi ninavyoandika amelala chumba cha pili anakoroma. Nimeshusha pumzi ambayo naona niliibana tangu mwezi uliopita.

Lile la miezi minane nitalifikia. Niache kwanza nipate moto.

Mwanzo wa habari unaujua, maana ulikuwamo. Ni wewe uliyekuwa unamtumia yule mtoto picha zako umesimama juu ya mawe na mawingu chini ya viatu, mpaka akamaliza masomo na kwenda kuomba kazi kwenye kikosi cha kupima mvua za milimani. Safari yake ya kwanza, mwezi wa kumi, wakamteremsha siku ya tatu akiwa na kichomi. Wiki mbili hospitali. Nilizihesabu pumzi zake kwa kuweka mkono juu ya shuka.

Usichokijua ni kilichofuata. Mwezi uliopita mkuu wa kikosi alimwita ofisini akamwambia kuna safari nyingine, siku tisa, na kwamba hiyo ndiyo ya mwisho ya majaribio. Akiimaliza, kazi ni yake. Akiteremshwa tena, nafasi inakwenda kwa mwingine na hawatalaumiana. Daktari wa kifua naye akaweka sharti lake: aende, ila baridi ya usiku isimguse. Halafu kikosi kikaweka la tatu. Kwa kuwa kila mtu anabeba vyombo vya kupimia, mzigo wake binafsi usizidi kilo sita, kuanzia nguo na matandiko mpaka kijiko.

Kijiti akapanda juu ya kiti, akauvuta kutoka juu ya kabati langu ule mfuko wako wa kulalia wa bluu, uliouacha siku ulipohama ukasema utaufuata. Miaka kumi na mmoja huo unakula vumbi. Tukaupiga-piga nje, tukaupeleka bucha kwa jirani kuupima, maana mizani yake haidanganyi hata gramu. Mwenye bucha akautundika kwenye ndoana kama paja la ng'ombe. Kilo mbili na robo. Mteja aliyekuwa nyuma yetu akauliza hiyo ni nyama ya mnyama gani, yenye manyoya ndani.

Hapo ndipo mtoto alipokuandikia wewe bila kunishirikisha. Jioni akaja na simu karibu na cherehani akanisomea jibu lako, nami nikajifanya naukata uzi ili asinione usoni. Maneno yako nayakumbuka neno kwa neno, hayakuwa mengi: "Mwambie mama yako aondoe mgongo wote. Miguu aiache imefungwa. Mengine anajua."

Mengine anajua. Kaka, ulinituliza na kunichoma kwa maneno mawili.

Habari ya mgongo alinieleza Kijiti. Alisema manyoya ya bata hutia joto yakiwa yametuna, na yale unayoyalalia yanabanwa na mwili yakawa bapa, hayana faida ila uzito. Kinachokukinga na ardhi ni godoro la povu, si mfuko. Kwa hiyo unaukata upande wa chini ukautupa, unabaki na blanketi lililotuna juu yako, na mikanda ya kulifunga kwenye godoro ili upepo usiingie ubavuni. Mimi nilimwangalia. Nimeshona miaka ishirini na sita na sijawahi kuambiwa nguo itapasha joto zaidi nikiikata nusu. Lakini nililala chini sakafuni juu ya mfuko ule, nikaingiza mkono chini ya kiuno changu, na kweli, manyoya yalikuwa yamelala kama karatasi. Nikasema haya, mgongo utatoka.

Sasa miguu.

Wewe unaijua kazi yangu. Mlango wangu umeandikwa Fundi Suruali, na watu wa mtaa huu hawaniiti jina jingine. Mtu aliyeshona suruali umri wote huo, ukimwambia mguu, haoni unyayo wala kidole. Anaona mguu wa suruali. Ukimwambia mguu wa kulia ni mfupi, anachukua mkasi. Kwa hiyo uliposema miguu, mimi niliona miwili, wa kulia na wa kushoto. Na uliposema imefungwa, nikaona kamba, kama suruali za kulalia tunazozikaza kwa kamba kwenye vifundo. Nilishangaa, sikatai. Nikajisemea labda huko mliko watu hulala wamevaa hivyo, baridi imewafundisha.

Ningekuwa na akili ningekupigia simu. Simu ilikuwa mezani, na namba yako ipo kichwani mwangu tangu ulipoinunua. Ningeuliza swali moja tu, miguu ipi, na ungecheka na kunijibu. Lakini mtu unampigiaje kumuuliza habari za mshono, wakati hujamwomba radhi kwa neno ulilomwambia? Nikaona aibu. Nikachukua chaki nikachora miguu miwili.

Nitakueleza nilivyofanya, maana najua unapenda, na pia kwa sababu najivunia. Mfuko wako umeshonwa vyumba-vyumba, kila chumba na manyoya yake, ili yasiteremke yote miguuni. Ukikata ovyo, umekwisha. Kwa hiyo kila nilipotaka kukata nilipiga kwanza mistari miwili ya mshono, vidole viwili katikati, halafu mkasi ukapita katikati ya mistari. Chumba kikabaki kimefungwa huku na huku. Sindano niliweka ile nyembamba ya hariri, kwa sababu sindano nene inatoboa tundu na manyoya yanatokea hapo moja moja kama yanakuchungulia.

Nilijidai mno. Chumba cha nne nilisahau mstari wa pili. Nilikata, na ghafla karakana yote ikawa nyeupe. Kaka, manyoya yale hayana haya. Yalikaa kwenye nyusi zangu, yakaingia kwenye sukari, yakamfuata shemeji yako mpaka mezani kwake kwenye kona, akapiga chafya kumi na moja mfululizo na kibano chake mkononi. Niliyatuliza kwa ile chupa ya kunyunyizia maji ya kupigia pasi. Yakilowa kidogo hayaruki, unayaokota kama pamba. Wiki iliyofuata mteja alirudisha saa akisema imesimama tangu aichukue. Shemeji yako akaifungua, akatoa unyoya mmoja katikati ya magurudumu. Alinionyesha kwa mbali, akaurudia kwa kibano na kuendelea na kazi.

Zipu niliing'oa yote, peke yake ilikuwa na uzito wa kutosha. Mikanda ya lastiki nilitoa kwenye suruali za michezo zilizokufa, vifungo vya plastiki kwenye begi lake la shule la zamani. Ile kofia ya mfuko niliikata, nikamshonea kofia ya peke yake, ya kuvaa kichwani, ili akigeuka nayo igeuke.

Kuna jambo moja nilifanya kimya kimya. Manyoya ya mgongo tuliouondoa yalijaa mfuko mzima wa plastiki. Nilichukua konzi mbili nikaziongeza kwenye vyumba vya kifuani, nikavishona tena bila kumwambia mtu. Nilijua uzito unahesabiwa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Na kwa kuwa nimeamua kusema, nitasema na jingine. Kuna siku mbili sikuigusa kazi ile kabisa. Nilikaa nayo magotini nikawaza kwamba ningesema tu imeshindikana, kitambaa kimeoza, basi Kijiti asingekwenda, kazi ingekwenda kwa mtu mwingine, na mimi ningelala usingizi. Nani angebisha? Fundi akisema kitambaa kimeoza, kimeoza. Siku ya tatu asubuhi nilimwona anafunga kamba za viatu vyake vya mlimani mlangoni, anavilainisha tu, anazunguka navyo uani na kurudi, na uso wake ulikuwa kama wako siku ile ulipohama. Nilikaa kwenye cherehani nikamalizia.

Zikiwa zimebaki siku nne, nikamkabidhi. Nilitandika juu ya meza ya kukatia, nikarudi nyuma nimekunja mikono, nangoja sifa. Kijiti alitazama. Akashika mguu mmoja, akashika wa pili. Akauliza, "Mama, hii ni nini?" Nikamwambia ni miguu, kama mjomba wako alivyoagiza, na kamba zake za kufungia. Mtoto alikaa sakafuni. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, na kule kukohoa kukanikata mimi maini. Alipopata pumzi akaniambia mjomba alimaanisha upande wa miguuni, pale mwisho, ubaki umezibwa kama kijimfuko cha kuingizia nyayo. Basi.

Nilitamani nimezwe na ile meza. Siku nne, manyoya yameshagawanywa, kitambaa kimeshakatwa mpaka magotini. Nikachukua kifumulio. Akanishika mkono. "Usifumue, mama. Ngoja nijaribu kwanza."

Lakini ajaribu wapi? Mtaa wetu jua linakaanga bati. Ndipo shemeji yako, ambaye huwa hasemi mpaka saa ya tano ya maongezi, akainua kichwa akasema, "Bucha kuna chumba cha baridi."

Kaka, sijui kama mwenye bucha ana wazimu au ana roho safi, lakini alikubali. Jumanne saa sita mchana alisogeza nyama upande mmoja, akapiga deki, akatandika maboksi. Kijiti akaingia na godoro lake la povu, akavaa miguu yake, akakaza kamba, akalala chini ya mbavu za ng'ombe. Kipimo cha ukutani kilisoma digrii moja. Mwenye bucha akafunga mlango akaniambia, "Wanaoingia humu kwa kawaida hawatoki wakipumua, wewe ndiye wa kwanza kunidai mtu mzima."

Nilisimama kwenye ule mlango kwa muda wa saa moja na nusu. Kila dakika kumi nabisha. Wateja wanaingia, wanaomba nusu kilo, wananiona nimeweka sikio kwenye mlango wa chuma nauliza "Uko salama?" na sauti inajibu kutoka kwenye nyama. Mama mmoja aliondoka bila kununua. Mara ya tisa nilipobisha hakujibu. Nilimvuta mwenye bucha kwa aproni tukafungua. Alikuwa amelala usingizi. Nikaingiza mkono kwenye mguu wa kulia mpaka kwenye unyayo: moto. Wa kushoto: moto. Shavu lilikuwa baridi, nyayo zina joto la mkate. Alifumbua macho akasema, "Mama, niache nilale." Ndiyo sentensi tamu kuliko zote alizoniambia mwaka huu.

Tukapima mzigo wote palepale kwenye ndoana. Kilo sita na gramu themanini. Miguu yangu ndiyo iliyozidisha, miguu na zile konzi mbili. Kijiti aliukata mpini wa mswaki, akakata lebo za nguo zake zote, akatoa kijiko cha pili. Bado gramu hamsini. Akaanza kulibonyeza blanketi chumba kwa chumba, kutafuta cha kupunguza, na mkono wake ukafika kifuani. Ukasimama pale. Alijua, mtoto wa fundi huyo. Aliniangalia, mimi nikaangalia mizani. Alichukua kisu cha mwenye bucha, akakata godoro lake la povu kuanzia magotini kwenda chini, akasema miguu itakanyaga begi tupu, haidhuru. Kilo sita, na mshale haukutikisika.

Aliondoka Jumatano alfajiri. Siku tisa, na kule hakuna simu. Sitakuandikia zile siku, zilikuwa ndefu na hazina habari. Nitakuambia tu kwamba karani mmoja alirudi kwangu na suruali yake mpya, akaivaa mbele yangu, na miguu yote miwili ilikuwa ya kushoto. Sijawahi, kaka. Tangu nianze kazi hii sijawahi. Yule karani ni mtu mwema, alisema alidhani ndiyo mtindo.

Ijumaa saa tisa alasiri mlango wa nyuma ukasukumwa. Nilikuwa na pini mdomoni. Alisimama na begi mgongoni, amebabuka pua, midomo imepasuka, anacheka. Sikumkumbatia kwanza. Nilizitema pini, nikaweka sikio kwenye kifua chake juu ya lile shati chafu, nikamwambia avute pumzi. Akavuta. Avute tena. Akavuta. Hakuna mluzi, hakuna mkwaruzo. Ndipo nikamkumbatia, na nililia, na sioni aibu kukuambia.

Sasa sikiliza habari ya miguu, maana hii ndiyo iliyonifanya nicheke jana kutwa. Kumbe vyombo vya mvua husomwa kila siku jua linapochomoza, si kabla wala si baada. Saa hiyo ndiyo baridi inauma kuliko zote, na watu wote wapo ndani ya mifuko yao, wamezibwa miguuni kama ulivyotaka wewe. Kutoka ni mpaka uvue joto lote ulilolikusanya. Wanapigana vijembe nani atoke. Asubuhi ya kwanza mpwa wako alifungua mikanda ya godoro, akalegeza kamba za vifundoni, akatumbukiza nyayo kwenye viatu, akasimama. Lile blanketi akalizungusha mabegani akalifunga kwa mkanda. Akatembea mpaka kwenye kipimo, akasoma, akaandika, akarudi akalala. Hakuvua kitu.

Asubuhi ya pili vilevile. Ya tatu mkuu wa kikosi akauliza ni mnyama gani yule mkubwa wa bluu aliyepita mbele ya hema lake. Wakamwambia ni msichana wa kichomi. Kuanzia hapo zamu ya alfajiri ikawa yake mpaka siku ya mwisho, na hakuna kosa hata moja kwenye daftari. Wamembandika jina Suruali. Alifikiri nitakasirika. Nimwambie nini? Mama ni Fundi Suruali, mtoto ni Suruali, limekaa vizuri tu.

Kesho Jumatatu anatia saini. Kazi ni yake. Na mkuu wa kikosi ametuma salamu, anauliza kama yule fundi anaweza kumtengenezea yeye pia, na amesisitiza, iwe na miguu.

Basi, nimeshapata moto. Nije kwenye lile.

Kaka, siku ile nilipokupigia kutoka hospitali nilikuambia kwamba kwa kuwa hukujaliwa mtoto, ndiyo maana unacheza na wa mwenzio. Nilisema hivyo, kwa maneno hayohayo, na najua wifi alikuwa karibu na simu anasikia. Uliniambia "Haya, dada," ukakata. Nimelibeba neno lile kila siku. Nilikuwa na hofu, lakini hofu haikuniandikia maneno, niliyachagua mwenyewe nikijua yatakuumiza. Hukunilaumu, na siku mtoto alipokuomba msaada hukunikumbusha. Ulisema tu mengine anajua. Naomba unisamehe. Naomba na wifi anisamehe, na hii nusu ya karatasi umsomee kwa sauti, usimfupishie.

Na ujue hili pia, kwamba yule mtoto hana mama peke yake wa kumshukuru kwa safari hii. Mfuko ni wako, shauri ni lako, na hata kosa nusu ni lako kwa kuandika kwa kifupi hivyo. Siku nyingine ukimwagiza fundi suruali, sema nyayo.

Jambo la mwisho. Manyoya ya mgongo wako hayakuisha. Baada ya zile konzi mbili yalibaki mengi, na kitambaa cha bluu kizima kilibaki, kile ulichokuwa unakilalia. Nimekushonea kizibao. Kimo ndani ya kifurushi hiki, nimekikunja kidogo sana lakini ukikitikisa kitatuna. Kifuani nimejaza vizuri, kwa ajili ya hicho kikohozi unachosingizia vumbi. Mfuko wa ndani upande wa kushoto ni wa miwani.

Vipimo nimevitoa kwenye daftari langu la zamani, ukurasa wenye doa la chai. Umeandikwa "Kaka" na chini yake kifua, bega, na urefu. Nilikupima wiki ile uliyohama, ukiwa umesimama mbele ya kioo unalalamika kwamba nakuchoma na pini kwa makusudi. Ilikuwa kweli. Kwa hiyo nimemshonea mtu wa miaka kumi na mmoja iliyopita, na sijui kama bado yupo. Huenda umenenepa. Huenda umepungua, na hilo sitaki kulifikiria.

Nisalimie wifi sana, mwambie nimemwekea kipande cha kitambaa hichohicho, achague mwenyewe ashonewe nini. Shemeji yako anakusalimu, anasema ile saa uliyomwachia bado inatembea, amekataa kuiuza mara tatu. Mwenye bucha naye anakusalimu ingawa hakujui, anataka kumwona mwenye mfuko. Kijiti ameamka sasa hivi, anasoma juu ya bega langu, anasema nikuandikie kwamba nyayo zake ziko salama na miguu pia.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akulainishie hilo goti, akupe usingizi wenye joto.

Na kizibao kikikubana, au kikikupwaya, usimpe fundi wa huko akiguse. Huyo hajui mengine. Njoo nikupime.

Ndimi mdogo wako akupendaye hata alipokuwa amenuna,

Sindano